Singida ijengewe uwanja mkubwa wa ndege, au ipewe njia ya haraka ya kufika uwanja wa Msalato, Dodoma?

Mpimaji wa Nala (mleta uzi)

Mbukwenyi wanajamvi,

Juzi nilikuwa kwenye kibanda cha chai pale Nala, nje kidogo ya Dodoma mjini, wazee wawili wanabishana. Mmoja katoka Singida kuja kumwona mwanawe, mwingine ni wa hapahapa. Wa Singida anasema mkoa wenye watu milioni 2 hauwezi kwenda kudandia ndege kwa jirani. Wa hapa akamjibu, "Kwani sisi tulipokuwa tunapandia Dar tulikufa?" Chai ikapoa mbele yao. Mimi nikalipa nikaondoka, lakini ubishi wao nimekuja nao hadi nyumbani.

Kazi yangu ni ramani. Nilisoma pale Chuo cha Mipango, kisha nikazunguka halmashauri kadhaa nikipima barabara na kutafuta mahali pa visima. Na nawaambia, swali la uwanja wa ndege ukae wapi ni lilelile la kisima cha kijiji, tofauti ni bei tu. Una vitongoji vitatu na pesa ya kisima kimoja. Utachimba penye watu wengi, au katikati ili asiwepo wa kuchoka kupita kiasi? Kila mkutano wa kijiji niliokaa ulivunjikia hapo.

Tufanye hesabu. Chukueni abiria 100 wa kufikirika: 70 wanatoka Dodoma mjini, 10 Manyoni, 20 Singida. Dodoma hadi Manyoni ni kama kilomita 125, Manyoni hadi Singida kama 115. Uwanja ukiwa Dodoma, ukijumlisha safari za wote unapata kilomita 6,050. Ukiuweka Manyoni "ili tugawane", jumla inaruka hadi 11,050. Ukiupeleka Singida ni karibu 18,000. Kwa jumla ya jasho Dodoma inashinda mbali. Lakini mzee wa Singida haangalii jumla, anaangalia mgongo wake. Uwanja ukiwa Manyoni, hakuna hata mmoja anayesafiri zaidi ya kilomita 125. Ukiwa Dodoma, yeye anakula 240.

Kuna mtaalamu wa hesabu anaitwa Hakimi. Mwaka 1964 alionyesha kwamba ukitaka jumla ndogo kuliko zote, huna haja ya kuhangaika porini katikati ya barabara, maana kwenye mji mmojawapo au kwenye makutano ya njia utapata jibu ambalo hakuna mahali pa kulishinda. Ukitaka anayeteseka zaidi ateseke kidogo, hapo ndipo jibu linaweza kuangukia porini. Ni hesabu mbili tofauti, na watu wanagombana wakidhani wanafanya moja.

Sisi wenyewe tunao uwanja wa porini. KIA ilifunguliwa 1971, imekaa kati ya Arusha na Moshi, kote kuwili ni mwendo wa kilomita 40 na ushei. Kila nikipita pale najiuliza, je, wangeiweka nusu ya njia ya Dodoma na Singida ingeishi? Jibu langu ni hapana. KIA inaishi kwa sababu mbili. Nusu ya njia pale ni chini ya saa moja, siyo saa mbili. Na wateja wake wakubwa hawatoki Arusha wala Moshi, wanatoka ng'ambo kuja kupanda Mlima Kilimanjaro na kuona Ngorongoro. Mtu aliyekaa hewani kwa saa 9 hasumbuki na dakika 50 za gari.

Sasa acheni kilomita. Kilomita ni kipimo cha ramani, abiria anasafiri kwa saa. Singida hadi Dodoma ni lami mwanzo mwisho, gari dogo linalotii 50 za vijijini linakwenda saa 3 na nusu hivi. Kibaya kule Kiteto iko karibu zaidi kuliko Singida, lakini muulizeni mtu wa Kibaya anaondoka saa ngapi masika. Ukichora ramani ya saa, Tanzania ya kati inabadilika sura: Babati inasogea Dodoma, kwa sababu lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa rasmi Aprili 2018, na Kibaya inasukumwa huko mbali kama iko mpakani.

Ndiyo maana nasema Msalato haiko mahali ilipo kwenye ramani. Kwa barabara ya Arusha, ni kilomita 12 hivi kaskazini mwa jiji. Ni uwanja wenye njia ya kurukia ya mita 3,600 na jengo la kuhudumia abiria milioni 1.5 kwa mwaka. Mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulipitishwa Desemba 2019, Rais Samia akaweka jiwe la msingi Oktoba 2022. Kwa mtu wa Chemba na Kondoa pamekaa vizuri mno, hata mjini haingii. Kwa mtu wa Mpwapwa, Kongwa au Mtera ni adhabu, lazima akate jiji zima. Kinachouhamisha uwanja ni barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3. Nusu yake ya kaskazini, kama kilomita 52, inatoka Nala, inapita Veyula, inashuka Mtumba hadi bandari kavu ya Ihumwa. Mtu wa Singida anakunja Nala, mtu wa Kongwa anakunja upande wa Ihumwa, wote wanakutana Veyula, na Veyula ni mlangoni kwa Msalato. Ukiniuliza ni lipi limesaidia zaidi kuufikisha uwanja kwa watu, lile jengo la vioo au ile lami, nitasema lami.

Halafu kuna treni. SGR ilizinduliwa rasmi hadi Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, nauli ya kawaida ilitangazwa shilingi 31,000, na ile ya haraka inatumia saa 3 na nusu hivi. Ndege ya Dar ni saa moja hewani, lakini jumlisha foleni ya Dar kwenda uwanjani, saa nzima ya kukaguliwa, kusubiri mizigo. Tunafika sawasawa. Kwa hiyo abiria wa Dar na Dodoma, tuliyemzoea, taratibu anahamia relini. Atakayebaki wa kupanda ndege ni anayekwenda Mwanza, Bukoba, Mbeya, Nairobi. Na huyo anaweza kutoka Singida, Babati au Mpwapwa kama vile anavyotoka Area C ya hapa mjini. Uwanja tuliodhani ni wa jiji unageuka kuwa wa kanda. Upimeni hivyo.

(Angalizo kwa wageni: Makutupora ya SGR iko Manyoni, siyo hii yetu ya JKT na visima vya maji huku kaskazini. Nimeshamwona mtu kashushwa na bodaboda mahali pasipo.)

Msimamo wangu, mnipige mawe: Singida wapewe kiwanja cha wastani, cha lami, kinachopokea ndege za pangaboi na ndege ya wagonjwa mwaka mzima, usiku na mchana. Uwanja mkubwa uwe mmoja, Msalato, na pesa ya uwanja mkubwa wa pili iende kwenye barabara za waliosahaulika, nikianza na Kibaya.

Karibuni.

---

KukuWaIkungi

Mkuu, hesabu yako tamu lakini umeitia chumvi mwenyewe. Nani alikwambia Dodoma 70 Singida 20? Sensa ya 2022 Dodoma ni watu milioni 3 na kitu, sisi milioni 2 na kitu. Uwiano ni 3 kwa 2. Ukitumia watu badala ya abiria wako wa kufikirika, jibu linakuwaje?

Ninyi watu wa ramani mna tabia moja. Mnahesabu wanaopanda ndege leo, mnakuta Singida wachache, mnasema msipewe uwanja kwa kuwa hampandi. Hatupandi kwa sababu uwanja hakuna! Ni sawa na kusema mtoto asipelekwe shule kwa kuwa hajui kusoma.

Na hiyo "saa 3 na nusu" ni ya V8 yako ya mradi. Basi ni zaidi ya hapo.

---

Bahi Road

Nimekaa pembeni na karanga zangu. Kuku leo kaamka na moto.

---

Mpimaji wa Nala

V8 ingekuwa yangu nisingekuwa nakunywa chai ya kibandani Nala.

Kuku, umenishika pazuri. Nikitumia watu wote, 3 kwa 2, bado jumla ndogo iko Dodoma, maana aliye na zaidi ya nusu kwenye mstari mmoja huvuta uwanja kwake. Ila tofauti inapungua sana, na hoja yako ya shule naikubali. Ukipima mahitaji kwa tiketi zilizouzwa, unapima viwanja vilivyokuwepo, hujapima watu. Kwa huduma za lazima hesabu watu. Kwa ndege ya biashara huna budi kuangalia na mfuko, kwa sababu ndege isiyojaa inaondolewa ratibani, na hilo halingoji kikao cha mkoa.

Na hapa kuna kitu nilikisahau mwanzo: kufikika siyo barabara tu, ni na ratiba. Uwanja ulio dakika 10 kutoka kwako lakini ndege yake ni Jumanne na Ijumaa, kwa mtu aliyepata msiba Jumanne jioni uko umbali wa siku tatu. Uwanja wa saa 3 na nusu wenye ndege asubuhi na jioni uko karibu zaidi. Tukigawanya abiria wa kanda kwenye viwanja vikubwa viwili, kila kimoja kinabaki na ndege za kuhesabu kwa vidole. Tukiwakusanya, ratiba inanenepa kwa wote.

---

Mzee wa Mlimwa

Vijana mnaongea barabara tu, mmesahau ndege yenyewe inahitaji nini. Nimefanya kazi viwanjani miaka mingi kabla sijastaafu, ngoja niwasaidie kidogo.

Tanzania ya kati ni uwanda wa juu wenye joto. Hewa ya juu ni nyepesi, hewa ya joto nayo ni nyepesi, na ndege inahitaji hewa nzito ili inyanyuke. Kanuni ya haraka tuliyokuwa tukitumia: kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari, ongeza urefu wa njia asilimia 7. Kisha kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi joto la kawaida la mwinuko ule, ongeza asilimia 1.

Dodoma ni mita 1,120 hivi, hapo umeshaongeza asilimia 26. Joto la kawaida la mwinuko huo ni kama nyuzi 8, lakini mchana wa Novemba tuseme tuko 31. Ongeza nyingine 23. Ndege ambayo pwani kwenye ubaridi ingeridhika na mita 1,800, huku inakudai karibu 2,800. Singida iko juu zaidi, kama mita 1,500. Fanya hesabu hiyohiyo hata kwa joto la nyuzi 29, unafika mita 3,000. (Ongezeko likiwa kubwa hivi wahandisi hawaishii kwenye kanuni ya haraka, wanafungua vitabu vya ndege yenyewe, lakini picha mmeipata.)

Maana yake kila uwanja mkubwa mnaotaka kuupanda huku juu una bei ya moja na nusu. Ndiyo maana njia ya Msalato ni 3,600. Ule wa mjini ulirefushwa na bado umebanwa na nyumba. Mtaa wenyewe unaitwa Uwanja wa Ndege, kwa hiyo nani alimkuta mwenzake hapo si siri.

Jambo la pili ni upepo. Wageni wa Dodoma huwa wanalalamikia vumbi bila kuuliza linaletwa na nini. Upepo wetu unatoka mashariki karibu mwaka mzima, ndiyo maana njia ya uwanja wa mjini imelala mashariki na magharibi. Taratibu za kimataifa zinataka njia ielekezwe ili upepo wa ubavu usizuie ndege zaidi ya asilimia 5 ya muda. Sasa tafuta eneo tambarare la kilomita 4, lililolala upande wa upepo, lisilo na mlima mbele wala nyuma, lisilo na kijiji, na bado liwe karibu na barabara kuu. Dodoma na vilima vyake hivi! Utabaki na maeneo ya kuhesabu. Ramani ya saa inakuja baada ya hapo, kuchagua kati ya yale machache yaliyobaki. Siyo kabla.

Kwa hilo la pangaboi Singida naungana na mleta uzi. Ndege inayoridhika na mita 1,300 pwani, Singida ni kama 2,200. Hiyo inajengeka.

---

Dereva wa Kibaya

Asante kwa kututaja mkuu, huwa hatutajwi. Kiteto tuko Mkoa wa Manyara kwenye karatasi. Mahindi tunauza Kibaigwa, wagonjwa tunaleta Benjamin Mkapa, watoto wanasoma UDOM. Makao makuu ya mkoa ni Babati na mtu anaweza kumaliza miaka mitano hajafika. Kwa hiyo mkipanga kwa mipaka ya mikoa, mtatupangia uwanja wa ndege wa mahali tusipokwenda.

Niwape hali halisi. Kiangazi natoka Kibaya saa 11 alfajiri, saa 4 niko Dodoma. Masika sijui. Nasema kweli, sijui. Kuna makorongo ambayo mvua ikinyesha unalala upande huu na konda anapika. Mwaka juzi nilikuwa na abiria dada mmoja, anawahi ndege ya Dar jioni, kutoka Dar anaunganisha kwenda masomoni nje. Tulifika kwenye korongo saa 1 asubuhi, maji yakapungua saa 8 mchana. Dada hakulia wala nini, alikaa kwenye begi lake anaangalia maji. Ndege iliondoka na kiti chake kitupu.

Kwa hiyo mkichora hiyo ramani ya saa, chora mbili. Ya Agosti na ya Machi.

---

Mpimaji wa Nala

Dereva, hilo la ramani mbili naliiba bila kuomba. Huwa tunachora moja, ya wastani. Na wastani wa saa 5 na "sijui" ni nini? Abiria wa ndege hasafiri kwa wastani, anajiwekea akiba ya muda kwa siku mbaya. Barabara ya saa 5 ambayo siku nyingine ni saa 12, kwa mwenye tiketi ni barabara ya siku moja kabla, na hela ya gesti juu.

---

Binti Kondoa

Sisi Kondoa leo hatuna neno, furaha tupu. Zamani kabla ya lami, safari ya Dodoma mtu unavaa kanga mbili, moja ya kuvaa na moja ya vumbi. Sasa unakunywa chai Kondoa, saa 5 uko mjini umemaliza.

Lakini nina swali. Michoro ya mapangoni Kolo imo kwenye urithi wa dunia tangu 2006. Watalii wake siku zote huwa wanatoka Arusha, wanapita Tarangire na Babati, wanachungulia, wanarudi hukohuko. Je, Msalato inaweza kuwageuza waje kwa kusini? Au uwanja peke yake haugeuzi kitu?

---

Mzee wa Mlimwa

Binti, uwanja peke yake haugeuzi. Mtalii anafuata mahali alipo wakala wake na gari lake, na hao wako Arusha. Labda siku atakapotaka kuunganisha Tarangire na Ruaha kwa gari, hapo Dodoma na Kondoa ziko njiani kabisa, na barabara ya Iringa nayo ni lami. Akishukia KIA na kuondokea Msalato, au kinyume chake, hapo Kolo itapata kulala mgeni. Jengeni kwanza pa kulala.

---

Mchuuzi wa Sabasaba

Mnaongea abiria tu, mizigo je? Zabibu zetu!

---

MamaZabibu

Nalima zabibu Hombolo, naomba nijibu. Zabibu zetu nyingi zinakwenda kiwandani kuwa mvinyo, na mvinyo haupandi ndege. Za mezani ndiyo zingeweza, lakini tatizo langu siku ya kuvuna haliko angani. Ni chumba cha baridi. Nikivuna saa 2 asubuhi na gari likaja saa 9, hata mkijenga uwanja nyuma ya nyumba yangu zimeshalegea. Asali ya Manyoni na Itigi haiozi, haina haraka. Alizeti ya Singida ndiyo kabisa, hiyo ni ya lori na treni. Labda nyama. Zaidi ya hapo msitusingizie wakulima ili mjengewe uwanja.

---

Kijana wa Kizota

Hapa hakuna aliyetaja Chato, niseme mimi. Njia ya kurukia ya kilomita 3, ndege za kuhesabu. Huo ndio mfano wa kujenga uwanja kwa mapenzi.

---

Mpimaji wa Nala

Nilijua utakuja, na sitaki uzi ugeuke wa siasa, kwa hiyo nitajibu kwa ramani tu. Chato ilipojengwa, mtu wa Geita aliyetaka ndege ya Mwanza alikuwa na kivuko mbele yake pale Kigongo na Busisi. Foleni ya kivuko ni kama korongo la Dereva, hujui saa. Kwa ramani ya siku hiyo, kusema upande ule wa ziwa unahitaji uwanja wake hakukuwa wazimu. Juni 2025 daraja la kilomita 3 likafunguliwa palepale. Kwa siku moja uwanja wa Mwanza ukasogea magharibi bila kuhamishwa hata tofali. Kosa, kama lipo, ni kupanga uwanja na daraja kwenye meza mbili zisizosalimiana.

Sisi huku barabara ya mzunguko na reli ndiyo daraja letu. SGR ya Makutupora hadi Tabora ni kilomita 368 nyingine. Siku ikipiga honi, mtu wa Itigi atakuwa na hesabu mpya kabisa, na yeyote atakayekuwa amejenga uwanja mkubwa jirani yake atajikuna kichwa.

---

Bahi Road

Sasa reli na uwanja vimeunganishwa wapi? Stendi ya mabasi iko Nzuguni, SGR kwake, ndege Msalato. Mtu atoke Gulwe kwa treni ashuke Dodoma, achukue bajaji, daladala, bodaboda ndipo aione ndege? Mageti matatu ya jiji moja na hakuna linaloona lenzake.

---

Mzee wa Mlimwa

Hapo pameniuma siku nyingi. Hispania walijenga uwanja Ciudad Real, kama kilomita 200 kusini mwa Madrid, ukafunguliwa mwishoni mwa 2008 kwa gharama ya zaidi ya euro bilioni 1. Treni ya kasi inapita jirani kabisa, na tumaini lote lilikuwa kwamba abiria wa Madrid watakuja nayo. Treni haikuwahi kusimama pale. Mwaka 2012 uwanja ukafungwa, na 2015 ulipopigwa mnada kuna kampuni iliweka dau la euro 10,000. Bei ya bajaji chache.

Na kuna la pili, kuhusu uwanja wetu wa mjini. Nasikia watu wanasema vyote viwili vibaki, cha mjini cha ndani, Msalato cha nje. Kanada walifanya hivyo Montréal mwaka 1975. Mirabel ukajengwa mbali, ukapewa ndege za kimataifa, Dorval wa zamani ukabaki na za ndani. Barabara na reli iliyoahidiwa kwenda Mirabel havikukamilika. Abiria anayeunganisha anatua huku, anapanda basi kwenda kule. Mashirika yakachoka, 1997 za kimataifa zikaanza kurudi Dorval, na 2004 abiria wa mwisho akaondoka Mirabel. Ukigawanya, wote wawili wanakonda.

Ila lami ya mjini msiivunje haraka. Abuja walifunga uwanja wao wiki sita mwaka 2017 kukarabati njia moja waliyonayo, nchi nzima ikahamia Kaduna, na kutoka Kaduna kuingia Abuja ni barabara ya kusindikizwa na polisi. Makao makuu ya nchi yenye njia moja ya kurukia yanahitaji pa kukimbilia.

---

KukuWaIkungi

Nimesoma yote, nimepoa kidogo. Pangaboi mwaka mzima, usiku na mchana, na taa, nakubali. Lakini andikeni kwa wino: ikianza barabara ya Kibaya mwaka huu, kiwanja cha Singida kianze mwaka huohuo. Tumezoea kuambiwa "awamu ya pili". Awamu ya pili ya Singida ina wajukuu.

Na mleta uzi, siku ukija kupima, pita Ikungi. Kuku yupo, wa kienyeji kweli, siyo wa jina.

---

Mpimaji wa Nala

Nakuja, na ubishi tutaumalizia mezani.

Wakuu, naomba msaada. Nataka saa halisi, siyo za kukisia. Anayesafiri wiki hii kuja Msalato kutoka Mpwapwa, Itigi, Kibaya, Mtera, popote, aandike saa aliyoondoka na saa aliyofika kila kituo. Nitaziweka kwenye ramani.

---

Dereva wa Kibaya

Za Jumamosi hizi hapa, mvua hakuna.

Kibaya 11:00 alfajiri. Kongwa 2:10 asubuhi. Mbande kwenye barabara kuu 2:35. Nzuguni 3:30. Kisha nikakata mjini kwa makusudi, nione mtu asiyejua njia ya mzunguko anavyoteseka: Msalato 4:20.

Kwa hiyo vumbi saa 3 na ushei, lami yote ya kutoka Kongwa mpaka Nzuguni saa 1 na dakika 20, na jiji peke yake dakika 50. Ndege sikuiona, lakini mnada wa Msalato ulishachangamka. Nimerudi na mbuzi wawili.

---

Mpimaji wa Nala

Barikiwa kaka. Mbuzi wa Msalato bei gani siku hizi?